Kovu la Shavu la Kulia

Walimuua shemeji yangu Amos mbele ya jukwaa la uchaguzi, mchana kweupe, kwa sababu alipopiga kura alitaja kwa sauti jina la mgombea wasiyemtaka. Marungu yalimshukia mpaka uso ukapoteza umbo, na bwana wao, Lodi Thornby, akatazama toka kwenye gari lake la farasi huku akila chaza. London nzima ilikuwa pale. Hakimu akasema hakuna shahidi hata mmoja aliyejitokeza.

Mume wangu Silas hakulia. Alikaa akachonga. Sisi huchonga picha kwenye bamba la shaba, kisha hulipaka wino na kukandamiza karatasi juu yake kwa mashine. Unachochonga kushoto hutokea kulia. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Lakini Silas alikuwa na hasira, akamchonga Lodi kama alivyomkumbuka, kovu shavu la kulia. Kwenye karatasi likatokea kushoto. Nikamwambia watu watasema si yeye. Akalitupa bamba chini ya meza, akaichonga picha ileile upya kwenye bamba jingine, kovu kushoto: Lodi anakula chaza, na ndani ya kila gamba umo uso mdogo wa Amos.

Nakala za kwanza zilikuwa bado mbichi mlango ulipovunjwa. Wakaingia wanaume watatu wenye utepe wa rangi za Lodi kofiani. Mkubwa wao, Gadge, alianza na kioo cha dirisha, pale watu wa mtaa walipozoea kutazama picha zetu na kucheka bila kulipa. Kipande kikanichana paji la uso. Nakala wakazitia motoni. Silas wakambana juu ya meza.

"Bamba liko wapi, fundi?" Gadge aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya samaki.

Nyundo ikashuka kwenye kidole cha Silas. Nikasikia mfupa. Ikashuka tena.

Bamba zuri lilikuwa kwenye mashine, limefunikwa na blanketi za kukandamizia karatasi. Nikainama chini ya meza, nikatoa lile lililoharibika.

Gadge akaligeuzageuza kwenye mwanga. "Kovu kulia. Ndiye mwenyewe, pua na yote. Umeokoa vidole vilivyobaki, mama." Akalikatakata kwa shoka. Wakati wa kutoka akamkanyaga Silas ule mkono.

Nilitaka kukimbilia tabibu. Silas, akitapika kwa maumivu, akasema, "Zungusha mashine kwanza."

Nikazungusha, damu yangu ikidondokea wino. Nikaitundika picha kwenye dirisha lisilo na kioo. Watu wakaja kucheka kama kawaida. Mchinjaji wa jirani, Ned Purkiss, ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akasogea karibu na yale magamba. Kicheko kikamkauka.

"Huyu si Amos?" akauliza.

Akavua kofia yake.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilimwona Gadge akipiga."

Nyuma yake mwanamke mmoja akasema naye aliona. Kisha mwingine.