Muosha Maiti wa Kafuro

Sotoka ilikuwa imeshamaliza ng'ombe wa Karagwe ndui ilipoingia Kafuro, makazi ya wafanyabiashara Waislamu.

Hapo aliishi Hatibu, muuza nguo mzaliwa wa pwani, na binti yake wa pekee, Adija. Ujanani Hatibu alisoma mantiki Unguja, na kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume, elimu hiyo alimpa binti. Kazi ya Hatibu ilikuwa kumtupia neno, na ya Adija kulitafutia ufa.

"Vyura wakilia, mvua hunyesha. Basi tukiua vyura hatutalowa?"

"Vyura wanaisikia mvua, Baba. Hawaiiti."

"Na mimi nikisema wanaiita?"

"Nitakuuliza umejuaje."

Hatibu alicheka kwa furaha. "Hivyo hivyo. Usikubali neno kwa ukubwa wa aliyelisema, hata likiwa langu."

Kisha watu wakaanza kufa. Maiti wa kike walioshwa na Bi Mwaja, mjane kutoka Manyema asiye na ndugu. Nyumba ikifiwa, aliitwa. Haukupita muda, nyumba ile ile ikafiwa tena. Wanawake wakaanza kuficha watoto akipita. Mbona kila anapoingia kifo kinafuata? Mbona yeye haugui?

Ijumaa moja baada ya sala, watu walikusanyika barazani kwa Mzee Shaaban, mkubwa wa wafanyabiashara. Bi Mwaja aliketishwa chini, juani, akishtakiwa kuleta ndui. Adija, aliyekuwa nyuma ya wigo pamoja na wanawake, akajitokeza.

"Shikamoo, Mzee Shaaban. Naomba kusema."

"Marahaba. Sema."

"Bi Mwaja haingii nyumba mpaka kuwe na maiti. Kifo ndicho kinachomwita. Na haugui kwa sababu aliugua utotoni. Tazameni makovu usoni mwake."

Watu walinung'unika. Shaaban akauliza, "Basi ndui imetoka wapi?"

Adija alimtazama baba yake. Jibu alikuwa nalo.

"Wa kwanza kufa alikuwa Zubeiri, mpagazi wetu. Alifika na mizigo ya nguo akiwa na vipele mwili mzima, akalala ghalani kwetu. Waliomwosha ni wanaume. Bi Mwaja alikuwa bado hajaitwa popote."

Wote wakamgeukia Hatibu. Alijifuta jasho.

"Zubeiri alikufa kwa homa," alisema. "Binti yangu ametishika na misiba."

"Baba, nilimwona!"

"Nyamaza, Adija."

Watu walipumua, kama walioondolewa mzigo. Bi Mwaja akaamriwa kuondoka kabla jua halijatua. Alipita karibu na wigo amebeba kifurushi chake. "Mwanangu," alimwambia Adija, "angalau wewe mmoja umenitetea." Akashika njia ya porini, kwani hakuna mji ambao ungempokea mtu aliyefukuzwa Kafuro.

Vifo havikukoma. Vilizidi.

"Bi Mwaja ameondoka, Baba," Adija alisema. "Mbona wanakufa?"

Hatibu akasema polepole, "Wangejua Zubeiri alikufa kwa ndui, wangechoma nguo zote za ghalani. Ningebaki na nini?"

"Hiyo ni sababu ya kuficha. Si sababu ya mtu kufukuzwa kama mbwa."

Siku ya pili yake Hatibu alisimama msikitini, akasema yote. Hakuna aliyempiga. Mtu mmoja alitema mate, wengine wakainuka wakatoka. "Umekawia," alisema Shaaban. Nguo zikachomwa. Wagonjwa wakatengewa vibanda mbali na nyumba, wakahudumiwa na wale waliopona ndui zamani, na taratibu makaburi mapya yakapungua.

Adija aliomba watu wa kumtafuta Bi Mwaja. Mke wa Shaaban alikwenda naye, na Hatibu akawafuata kwa mbali na jembe begani. Walimkuta bondeni, chini ya kichaka. Fisi walikuwa wamewatangulia. Kilichosalia walikitambua kwa kanga na kile kifurushi.

Wanawake wawili walikusanya walichoweza, wakakifunga kwa shuka. Hatibu alichimba peke yake mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyemwambia apumzike. Walimwelekeza kibla, wakafukia, wakasoma dua.

"Adija, mwanangu," Hatibu aliita.

Adija alikuwa ameshashika mkono wa mke wa Shaaban, wanapanda kilima. Alimsikia vizuri. Akaendelea kupanda.