Marehemu Aliyeangukia Upande wa Adui

Mjane alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa, akipuliza jiko la mkaa ili chai ya waigizaji ichemke. Mji ule uliigiza vita vyake kila mwaka, vita vilivyokwisha miaka michache tu iliyopita, na ukuta wa kiwanda cha matofali ulikuwa bado na matundu ya risasi. Waigizaji walikuwa makarani na wauza simu, watu waliopitisha vita chini ya vitanda vya mama zao. Sasa walijipaka masizi usoni na kuitana kamanda.

Mumewe alifika mazoezi yakiwa yameanza. Alikuwa amekufa katika vita hivyohivyo. Alisalimia, akapewa kikombe.

"Umekonda, baba watoto."

"Nimekuja jina langu lisomwe pamoja na majina ya mashujaa. Kila mwaka wananiruka kama dimbwi."

Kikundi kilikuwa na kanuni yake: jina halisomwi mpaka kifo chenyewe kiigizwe. Basi msimamizi akamwambia aonyeshe. Marehemu akaenda ukutani, akapiga magoti, akasema, "Mkuu, nina watoto." Mlio ukasikika, ingawa bunduki zote zilikuwa za mbao. Akaanguka, kisha akainuka na kujikung'uta vumbi.

"Nani kakupiga?" msimamizi aliuliza.

"Mkuu wetu. Nilikataa kuchoma nyumba zenye watu ndani."

Mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa mgeni rasmi wa maonyesho, na siku hiyo alikuwa amekuja kujaribu kiti chake. "Anaanguka vizuri," alisema.

Msimamizi alikuna kichwa. "Shujaa hapigi magoti, bwana. Huwezi kufa ukikimbia mbele, huku unaimba?"

"Sikuwa naimba."

"Jaribu tu."

"Kaka, aliyekufa ni mimi."

"Sisi tunakufa kila mwaka," muuza simu mmoja alidakia, "na hatudeki." Wakacheka mpaka masizi yakawachirizika.

Wakampa nafasi upande wa adui, ambako watu walikuwa pungufu.

"Nikikubali, mtanisoma?"

"Tutaona."

Siku ya maonyesho alipigwa risasi palepale ukutani, amevaa shati la adui. Watoto walishangilia, wakataka arudie. Filimbi ikalia, maiti wote wakainuka kukimbilia soda. Yeye alibaki amelala, akisikiliza. Mkuu alisoma majina kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi, akafika mwisho, akakunja miwani.

Mjane akasimama katikati ya watu, akalitaja jina la mumewe kwa sauti yake yote.

Mkuu alimsubiri amalize. Kisha akaomba makofi kwa upande wa adui, akisema mwaka huu umejituma. Makofi yakapigwa.

Marehemu akainuka, akavua shati. Kifuani lilikuwa limelowa damu.

"Lete nikalifue," mjane alisema. "Hilo ni langu."

Msimamizi alimtangulia kulichukua, akalinyoosha juani, akalitazama kwa furaha.

"Aa, mama, usiliguse kwa sabuni. Damu kama hii hatujawahi kuipata."

Akalitundika pamoja na mengine ya adui.