Mbuzi Watatu wa Kasiva

Mukonyo alipobisha mlango wangu kule Kangemi, nilimwacha abishe tena. Nilikuwa nimemwona kupitia dirisha tangu alipoacha gari lake barabarani, akaruka mtaro kwa viatu vyake vya kung'aa, akawauliza watoto njia ya kwangu. Alikuwa ameishi na dada yangu Kasiva zaidi ya miaka thelathini, nyumbani kwake ni Loresho, mtaa wa matajiri, mwendo wa kutembea tu kutoka kwangu, na bado hakuujua mlango wangu.

"Hodi, shemeji!"

"Nani?"

"Ni mimi, Mukonyo."

"Mukonyo yupi?"

Nilijua vizuri ni yupi, na nilijua kilichomleta. Binti yao Mwendwa, aliyekwenda Amerika kusoma akabaki huko hadi akapewa uraia, alikuwa amewaombea wazazi wake wote wawili wahamie kwake. Siku ya kuhojiwa ubalozini ilikuwa inakaribia. Kasiva hakuwa na shida, kwa kuwa mama anahitaji tu cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Lakini baba ni lazima aonyeshe kwamba alimwoa mama wa mtoto, tena alimwoa mtoto akiwa bado mdogo. Mukonyo hakuwahi kufunga ndoa kanisani wala kwa DC, mkuu wa wilaya. Yeye alisema ndoa yake ilikuwa ya kimila. Kwa ndoa ya kimila, wakili wake alitaka kiapo cha mzee kutoka upande wa mke. Baba yetu ameshakufa, na ndugu zake wote wamekufa. Mzee aliyebaki ni mimi, Nthiwa.

Sisi Wakamba, kuoa kuna mlango mmoja, nao unaitwa ntheo. Ni mbuzi watatu, dume mmoja na majike wawili, wanaopelekwa kwa baba wa msichana, na dume akachinjwa akaliwa. Hata ukitoa ng'ombe wa kujaza boma, hata ukijenga nyumba ya ghorofa na kuzaa watoto kumi, kama ntheo haijaliwa hujaoa. Mwanamke bado ni wa baba yake. Akifa anazikwa kwao, kama msichana.

Mukonyo alimchukua dada yangu kutoka kwetu Mbooni mwaka wa sabini, akiwa karani kijana wa serikali, akasema mbuzi watakuja baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita. Akapanda cheo, akanunua nyumba Loresho, lakini mbuzi hawakuonekana. Baba hakuwa mtu wa kelele. Alingoja. Mara ya mwisho kuuliza ilikuwa kwenye karamu ya kumuaga Mwendwa, katika bustani ya Mukonyo, baba akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mukonyo alicheka mbele ya wageni wake.

"Mzee, hapa ni Loresho, si Mbooni. Mbuzi watakula maua yangu!"

Wageni wakaangua kicheko. Nilipofungua kinywa, akanigeukia mimi. "Na wewe, msomi wa ngumbaru, mpeleke mzee jikoni apate chakula."

Ngumbaru ndilo jina walilotuita sisi watu wazima tuliokwenda kujifunza kusoma. Mimi nilisoma jioni baada ya kazi, mwaka baada ya mwaka, hadi nikafanya mtihani na kupita, na sijawahi kuona haya kwa jambo hilo. Lakini siku ile niliona haya kwa ajili ya baba. Jikoni hapakuwa na kiti. Alikula amesimama, sahani mkononi, mpishi akipita huku na huku akimwambia, "Samahani mzee, sogea kidogo." Hakurudi tena Nairobi. Tulimzika mwaka uliofuata, na mkono wangu ukiwa ndani ya udongo wa kaburi lake nilimwahidi jambo.

Basi nilifungua mlango.

Mukonyo aliingia na mfuko, na harufu ikaingia naye. Akaufungua mezani. Ilikuwa nyama choma kutoka Kenyatta Market, imefungwa kwa karatasi ile ya kung'aa, na kachumbari pembeni.

"Shemeji, leo deni limekwisha," akasema, akicheka kama mtu aliyeleta zawadi ya Krismasi. "Nimekuletea mbuzi wako."

"Huyu ni mbuzi?"

"Mzima! Mbavu ziko, mguu uko, hata mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama, nimewaambia waweke."

Niliisukuma ile karatasi polepole hadi ikafika upande wake wa meza. "Mukonyo, mbuzi wa ntheo huja kwa miguu yake. Huyu wako amekuja na kachumbari."

Kicheko kikamkauka. Akatoa karatasi mfukoni, akasema wakala mmoja wa mjini alikuwa amempa maswali ya kujifunzia, yale wanayouliza ubalozini. Niliichukua, nikavaa miwani.

"Vizuri. Tufanye mazoezi. Mimi ndiye balozi."

"Wewe?" Akaanza kutabasamu, kisha akakumbuka alichokuja kutafuta. "Sawa. Sawa, shemeji. Wewe ndiye balozi."

"Simama."

"Nasikia huko watu hukaa kwa kiti."

"Huku husimama."

Akasimama. Mtu mwenye nyumba Loresho, kitambi kikigusa meza yangu, akasimama.

"Jina la mke wako?"

"Kasiva."

"Ulimwoa lini?"

"Mwaka wa sabini."

"Wapi?"

"Kwao, Mbooni."

"Ulitoa nini?"

"Zile vitu za kawaida tu."

"Zitaje."

Akajifuta jasho. "Shemeji, hilo swali haliko kwa karatasi."

"Dume alichinjwa na nani? Nyama ya kwanza alipewa nani? Mimi nilikuwa nimeketi wapi?"

Akaitazama ile karatasi mkononi mwangu. Nje jirani alikuwa akipiga nguo juu ya jiwe.

"Nthiwa," akasema mwishowe. Hakuniita msomi wa ngumbaru. "Mwendwa ni mtoto wangu wa pekee. Ana watoto wawili na sijawahi kuwashika. Nimebaki mimi na Kasiva katika nyumba ile kubwa. Akienda bila mimi, nitafanya nini? Sema unachotaka."

"Mbuzi watatu, Jumamosi. Hakuna dereva, hakuna pikapu. Uwashushe pale barabara kuu, uwalete wewe mwenyewe kwa mkono wako hadi hapa. Na uvae suti."

"Barabara hiyo ndiyo wanapita majirani zangu wote!"

"Najua."

"Na nikileta, utaapa kwa wakili?"

"Nikishakula, nitaapa."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Nyama yake nilimrudishia.

Jumamosi ilipofika, Kangemi yote ilijua. Sikumwambia mtu, nilimwambia Kaloki tu, mzee mwenzangu wa kanisa, na hiyo ilitosha. Watu walisimama kando ya njia kana kwamba rais anapita. Mukonyo alitokea upande wa soko amevaa suti ya kijivu na tai, kamba tatu mkononi, na kila mbuzi akitaka kwenda kwake. Yule dume alisimama kwa mama mboga, akavuta sukuma wiki kutoka kwenye fungu.

"Wee! Mzee! Shika mbuzi yako!" mama mboga akapiga kelele.

"Pole mama, pole sana."

"Buda, hiyo suti ni yako ama ni ya mbuzi?" kijana mmoja akauliza. Mwingine akamjibu, "Wachana na buda, anaenda kuoa!"

"Aoe na hiyo kipara?"

Wakacheka hadi wakashikana. Gari moja la kifahari likapunguza mwendo pale kwenye kona, kioo kikashuka, mtu akachungulia, kioo kikapanda. Niliona Mukonyo alivyoinamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama langoni nimevaa koti la baba, lile la kanisani, na sikumpokea kamba hata moja mpaka alipofika miguuni pangu.

Kaloki alichinja dume. Mbuzi wawili majike tuliwafunga nyuma ya nyumba. Kasiva alikuwa amekuja tangu asubuhi, akaketi katikati ya wanawake amevaa leso mpya, macho chini. Dada yangu alikuwa na miaka karibu sitini, lakini siku hiyo alikaa kama msichana. Niliposhika kipande cha kwanza nikala, nilimwona akifuta machozi kwa pembe ya leso.

Tulipoomba na kula, Mukonyo akaomba kusema. Tumbo lilikuwa limejaa, aibu imeanza kumtoka, na alitaka kutufurahisha.

"Wazee wangu," akasema, "watu husema mimi ni mkaidi. Lakini mmeona wenyewe. Leo nimeoa!"

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Wengine huku nyuma hawajasikia," nikasema. "Rudia."

"Leo nimeoa!" akarudia kwa nguvu, mikono juu, na nyumba yote ikapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu tulikutana mjini, ofisini kwa wakili Nyakio, ghorofani katika barabara ya Tom Mboya. Alikuwa mama kijana mwenye adabu. Alituketisha watatu, mimi, Kasiva na Mukonyo, akaniwekea Biblia mbele.

"Mzee, nimeshaandaa kiapo chako. Kimebaki tarehe ya ndoa tu. Hapo ndipo watakapoangalia, kwa sababu Mwendwa alizaliwa sabini na moja. Wewe unaapa kwamba Kasiva aliolewa lini?"

Mukonyo alinitikisia kichwa kwa furaha, kama mwalimu anayemsaidia mtoto mzito darasani.

"Jumamosi iliyopita," nikasema.

Wakili aliinua kalamu. "Jumamosi ya mwaka gani, mzee?"

"Ya juzi. Mwaka huu wa 2006."

"Nthiwa!" Mukonyo akaruka. "Si tulielewana?"

"Tulielewana mbuzi. Tarehe hatukuitaja."

"Mwambie mwaka wa sabini! Ni neno moja tu!"

"Mwaka wa sabini baba yangu alikuwa hai. Ungemuuliza yeye kama aliona mbuzi." Niliweka mkono juu ya Biblia. "Mimi ni mzee wa kanisa. Siapi uongo. Isitoshe, wewe mwenyewe ulisimama mbele ya watu ukasema leo nimeoa. Mimi nilikuomba urudie. Ulirudia."

Wakili Nyakio aliweka kalamu chini. "Mzee Mukonyo, kiapo chenye tarehe hiyo hakitakusaidia. Kitakuumiza."

Mukonyo akamgeukia dada yangu. "Mama Mwendwa, zungumza na ndugu yako! Mwambie tumeishi pamoja miaka hiyo yote!"

Kasiva aliitazama mikono yake. Kwetu mwanamke hasemi juu ya ntheo yake. Ni jambo la baba na ndugu zake.

Kwenye ngazi, Mukonyo alinishika koti. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Umeniua, Nthiwa."

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuozesha."

Walikwenda ubalozini pamoja. Kasiva akaulizwa maswali machache akapewa viza. Mukonyo akasema sabini, akaombwa ushahidi wa sabini, na hakuwa nao. Faili lake likawekwa kando. Nilipopata habari hiyo niliwapa mbuzi wangu wawili maganda ya ndizi, nikaketi karibu nao nikiwaangalia wakila. Nilihisi kama mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu ujana.

Mimi ndiye niliyempeleka Kasiva uwanja wa ndege. Mukonyo alikuja na gari lake, akasimama mbali kidogo na masanduku, kama asiye na haki ya kukaribia. Kabla ya kuingia ndani, dada yangu alinivuta pembeni.

"Kaka, nilikaa kwa Mukonyo maisha yangu yote nikiwa msichana wa baba. Kila nikiugua niliogopa kufa, kwa sababu sikujua nitazikwa wapi. Jumamosi ile ukanifanya mke wa mtu."

"Ndivyo baba alivyotaka."

"Baba alitaka mbuzi," akasema. "Alitaka mbuzi tu, Nthiwa. Wewe umeniozesha Jumamosi, na Jumatatu ukaninyang'anya mume."

Alimwendea Mukonyo, akamshika uso mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Kisha akaingia, na sisi wazee wawili tukabaki tumesimama upande huu wa kioo. Hatukusalimiana.

Sasa Mukonyo huja kwangu kila Jumapili baada ya kanisa. Njia anaijua. Huja kuniomba niape upya, niandike sabini. Nami humwambia yale yale, kwamba mkono wangu ulishagusa Biblia. Hubisha mara moja, nami humwacha abishe tena. Amepungua mwili, kola ya shati imekuwa pana kwa shingo yake, na nasikia huko Loresho analala kwenye kiti kwa sababu kitanda ni kikubwa mno.

Simfukuzi. Sitaki isemekane Nthiwa alimnyima chakula mtu aliyemwoa dada yake kwa mila. Kila Jumapili hupata sahani yake, ugali moto na mboga, na kama kuna nyama, hupata nyama. Namwandalia jikoni. Hapana kiti huko, na anakula amesimama.