Eda ya Bibi Mwanamkasi

Nilimtunza babu yangu kwa hasira. Kila Jumatatu nilimpelekea uji hospitalini Bordesley Green, hapa Uingereza, nikamnywesha, nikamfuta kidevu, na moyoni nikimuuliza swali la bibi yangu: kwa nini hukurudi?

Bibi Mwanamkasi yuko Mombasa, hai. Mwaka 1938 mumewe, Dalmar, alimwacha na mimba ya mama yangu, akapanda meli kubwa ya abiria na mdogo wake, Dubow. Kazi yao kutia makaa kwenye matanuri. Dubow akafa baharini. Dalmar akabaki Uingereza, akituma salamu kila Idi. Bibi alikataa waume watatu, na bangili alizovishwa na Dalmar hakuzivua hata siku moja.

Machi 2004, nesi Paramjit alimwita, "Dalmar, time for your tablets." Mzee akageukia ukuta.

"Mwambie Dalmar hayuko."

"Basi aliyelala hapa ni nani, babu?" nikamkejeli.

"Dubow."

Akanieleza polepole. Chini ya meli walifanya kazi saa nne, wakapumzika nane. Muziki wa abiria waliokuwa wakicheza dansi uliwafikia kupitia bomba la hewa. Mwezi wa kwanza haujaisha, Dubow alishikwa na homa, na asiyeshuka zamu alifukuzwa bandari ya mbele. Dalmar, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu yake, alivaa kibao cha nambari ya mdogo wake, akashuka tena. Joto lilimwangusha, sepetu mkononi. Karani akasoma kibao, akaandika kwamba Dubow amekufa.

"Nikabaki na kitabu cha ubaharia cha kaka, nikashuka shift kwa jina lake."

"Na Bibi?"

"Barua nilizianza, mjukuu wangu. Nikifika pa kumwambia ni mjane, mkono unakataa. Nasema, ngoja Idi ijayo."

Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia, nikalia mpaka uji ukapoa.

Nilipiga simu Mombasa pale pale kwenye korido. Bibi alinisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa amekula kabla ya kushuka mara ya pili?" akauliza.

Sikujua. Niliporudi kumuuliza mzee, alikuwa amelala.

Kesho yake mama alinipigia. Shekhe alikuwa amemwambia Bibi kwamba eda yake ilikwisha siku ile ile alipojifungua, miaka sitini na sita iliyopita. Bibi hakubishana naye. Alizivua bangili kwa sabuni, moja moja, akaingia chumbani, akafunga mlango.