Viti vya Kekele Vilivyokwenda Anvers

Donatien Onema alikuwa fundi wa viti pale Kindu. Alivisuka kwa kekele, mtambaazi mgumu wa msituni ambao watu wa Kailo waliukata na kumletea kwa matita, na vidole vyake vilijaa makovu ya miiba yake. Wakubwa wa reli walivipenda viti hivyo kwa baraza zao. Fundi alikuwa na kazi, alikuwa na jina zuri, lakini mwenye kumjua alijua kwamba moyo wake haukukaa kiwandani. Ulikuwa kwa mdogo wake, Edouard.

Edouard aliondoka mwaka wa 1947 akiwa msaidizi wa jikoni katika meli ya mto. Alipofika Matadi aliandika kwamba amepata kazi ya kuchochea makaa katika meli ya bahari. Kutoka Anvers, bandari kubwa ya Wabelgiji, ilikuja kadi moja yenye picha ya kanisa. Kisha kimya, miaka tisa. Mama yao, Albertine, hakulalamika. Ila filimbi ya meli iliposikika bandarini, aliacha alichokishika, akageuza sikio.

Siku moja tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya teritware, yaani ya wilaya. Serikali imefungua idara ya kuwasaidia wafanyabiashara na mafundi wanaotaka kuuza mali yao ng'ambo. Itapokea sampuli, itazisafirisha bila malipo mpaka kwenye maonyesho ya biashara ya Anvers, na itawatafutia wanunuzi. Donatien alisoma mpaka alipofika kwenye neno Anvers. Hakuendelea.

Aliingia ndani. Karani aliyempokea alikuwa Godefroid Kazadi, Mkasai mwenye miwani, mtu wa maneno machache.

"Nitaleta viti," Donatien alisema. "Na miye nitaenda navyo?"

"Hapana, Papa. Viti tu njo vitasafiri. Weye utabaki."

"Hata nikijilipia?"

"Hata ukijilipia. Kibali cha kwenda Bulaya, fundi wa Kindu atakipata kwa nani?"

Donatien alitazama sakafu kidogo. Kisha akaomba karatasi ya kujaza.

Mkubwa wa idara ile, Mbelgiji kijana mwenye bidii, alikuja mwenyewe kiwandani. Akapima miguu ya viti kwa rula. Akaeleza, huku Kazadi akitafsiri, kwamba kekele ikaushwe kwa moshi wiki mbili, wadudu wasije wakaila njiani, na kwamba viti viweze kuingiana, kimoja juu ya kingine, visile nafasi melini. Donatien alikubali yote. Alitengeneza vinne, na katika maisha yake hakuwahi kusuka kitu kwa uangalifu namna ile, maana kila alipokaza fundo alijiambia: kitu hiki kitafika pale ambapo macho yangu hayafiki. Kila kiti kilifungwa kibandiko: Kindu, Kongo ya Wabelgiji, nambari kumi na nne, ndiyo nambari ya fundi katika orodha ya idara. Jina la fundi halikuandikwa. Ndiyo ilivyokuwa kanuni.

Viti vilipakiwa kwenye meli iendayo Lokandu na mbele yake. Donatien alisimama gatini mpaka moshi wa meli ukapotea kwenye kona ya Lualaba, na hata hapo hakuondoka upesi.

Baada ya miezi saba Kazadi alimwita. Ripoti ilikuwa imefika.

"Pongezi, Papa. Duka moja la kule linataka viti arobaini."

"Vizuri."

"Hufurahi?"

"Ninafurahi. Kuna neno lingine?"

Kazadi aligeuza ukurasa. Kulikuwa na orodha ya maoni ya wageni, na alisoma haraka mpaka sauti yake ikapungua. "Hapa wanasema… mtu mmoja, mweusi, mfanyakazi wa bandari, alikuja siku tatu mfululizo kukaa kwenye kimoja cha viti vya nambari kumi na nne. Mlinzi alimwondoa. Aliuliza jina la fundi. Hakupewa, kwa sababu si mnunuzi."

Donatien aliinama juu ya ukurasa ule.

"Soma tena."

Kazadi akasoma tena, polepole.

"Jina yake iko wapi?"

"Hawakuandika, Papa."

"Anaishi wapi?"

"Hawakuuliza."

Fundi alisimama akapiga hodi kwenye mlango wa mkubwa bila kuitwa. Kazadi alimfuata mbio, miwani mkononi.

"Mwambie bwana," Donatien alisema, "ofisi hii inajua kutafuta wanunuzi ng'ambo ya bahari. Initafutie muntu mumoja tu. Mudogo wangu."

Mkubwa alisikiliza. Hakucheka, lakini alitikisa kichwa. Hiyo si biashara, alisema; idara haina fungu la mambo ya jamaa.

"Basi viti arobaini sitafanya."

Kazadi alisita. "Nitafsiri hivyo?"

"Tafsiri vilevile nilivyosema."

Kazadi akatafsiri. Mkubwa alikuwa amekwisha kuandikia makao makuu Léopoldville kwamba Kindu imepata mnunuzi wake wa kwanza, na katika teritware nzima hapakuwa na mkono mwingine wa kusuka viti vile. Alimtazama Donatien, akaitazama ripoti, akavuta kiti karibu na meza. Kisha akaanza kumsomea Kazadi maneno ya barua kwa wakala wa idara huko Anvers: amtafute mfanyakazi wa bandari, mwenyeji wa Kindu, aitwaye Edouard Onema.

Viti ishirini na sita vilikuwa vimekamilika jibu lilipofika, ndani ya bahasha moja na karatasi za forodha. Kazadi alimkabidhi Donatien barua iliyokuwa ndani, naye hakuifungua njiani. Alimkuta mama yake anachambua mchele, akaketi chini kando yake, akasoma.

Edouard alikuwa hai. Mashine ya kunyanyulia mizigo ilimkata vidole viwili, akaachishwa melini. Sasa alihesabu magunia gatini. Alioa mwanamke wa kule, wana mtoto. Aliona haya kuandika, kwa sababu aliondoka akiahidi makubwa, na kila mwaka uliopita uliifanya haya ile kuwa nzito zaidi. Aliona neno Kindu kwenye kibandiko, akakaa, na mgongo ukaujua mkono wa kaka yake kabla macho hayajaujua. "Kurudi sitaweza, yaya," aliandika, akimwita kaka yake kwa neno la utotoni. "Lakini siku zile tatu nilikuwa kwetu."

Mama Albertine alikuwa ameuachia ungo magotini.

"Hatakuja," alisema.

"Hatakuja, Mama."

Mama mzee alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza, "Mtoto ni wa kiume ao wa kike?"

Donatien alitafuta kwenye karatasi, mbele na nyuma. "Hakusema."

"Anaitwa nani?"

"Hakusema hilo pia."

"Ana meno sasa? Anatembea? Wanamulisha nini kule kwenye baridi?" Mama alimsukuma begani. "Uliketi nini? Ofisi haijafungwa. Enda ukaulize!"

Donatien akainuka, akashika njia ya ofisini, akitembea upesi kama mtu aliyeitwa.