Utasimamaje, Daktari?

Lifti ilikuwa imekufa, na chumba cha usaili kilikuwa ghorofa ya tatu. Daktari alipanda ngazi moja moja, magongo yakitangulia, na mguu uliopoozwa na polio tangu utotoni akiuburuta nyuma. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa amekuja kumbebea mkoba, na mdomo wake haukufungwa tangu ngazi ya kwanza.

"Hawa wana akili timamu kweli? Tangazo linasema wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, halafu wanakupandisha huku juu kama njiwa!"

"Punguza sauti, wifi. Watasikia."

"Na wasikie!"

Daktari hakuwa na nafasi ya hasira siku ile. Alikuwa anaitaka nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji. Katika hospitali ndogo aliyofanyia kazi, alikuwa akiwapasua wajawazito walioshindwa kujifungua akiwa amekaa kwenye stuli ndefu aliyochongewa na seremala. Manesi walimwita Bibi Stuli, naye alicheka nao. Lakini mgonjwa wa utumbo akiletwa, hakuwa na la kufanya ila kumwandikia rufaa, maana hakufundishwa. Wengine walifia njiani. Mwanamke mmoja alikata roho huku amemshika koti, na ndipo Daktari alipoapa kwamba atasomea kazi ile, liwalo na liwe.

Akakaa kwenye benchi kusubiri. Mlango ulikuwa wazi kidogo, akamsikia kijana aliyetangulia akiulizwa habari za utumbo uliojisokota. Moyo ukamtulia. Hayo alikuwa ameyasoma mpaka akayaota.

Alipoingia, Profesa, mwenyekiti wa jopo, alisimama kumpokea na kumvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Loo, heshima ilioje!

"Daktari, upasuaji mwingine huchukua saa sita. Utasimamaje?"

"Sisimami, Profesa. Nakaa. Meza inashushwa kidogo, basi."

"Kwetu mpasuaji husimama. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Wagonjwa wangu wanapona, Profesa. Naweza kueleza ninavyofanya."

"Hatuna shaka, hatuna shaka." Akamgeukia mwenzake, daktari bingwa wa kike aliyekuwa akimtazama Daktari kwa huruma, naye akauliza:

"Nyumbani una msaada, mdogo wangu? Maana hata sisi wazima kazi hii inatutoa jasho."

Wakamuuliza kama anachoka, kama anaendesha gari, kama mguu unamuuma wakati wa baridi. Alijibu yote kwa adabu, akingoja swali lake. Halikuja. Walimshukuru, na Profesa akamfungulia mlango. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuhusu utumbo.

Nje, katibu wa jopo alimfuata akiwa amechangamka. Hakuwa mtu mbaya yule, ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi.

"Dada, umetuokoa! Mwaka jana wizara ilitufutia usaili wote kwa sababu hatukumwita hata mlemavu mmoja. Mwaka huu hawana la kusema."

"Na nafasi?"

Katibu akajikuna kisogo. "Nafasi... unajua mambo yalivyo. Mwakani jaribu tena. Au jaribu magonjwa ya ngozi, huko wanakaa."

Wifi alisonya kwa nguvu mpaka watu wa benchini wakageuka. "Funika kombe mwanaharamu apite! Kumbe hatukuitwa kusailiwa, tumeitwa kuwapamba!"

Daktari akayashika magongo yake, akaanza kurudi.

Kabla hawajafika kwenye ngazi, jopo zima likatoka kupiga picha ya taarifa ya wizara. Wakamweka katikati, kando ya Profesa. Yeye akayaficha magongo nyuma ya sketi.

"Yasogeze mbele, daktari, yaonekane," mpiga picha akasema.

"Usithubutu," wifi akamwambia. "Twende zetu!"

Daktari akamtazama Profesa, halafu yule bingwa wa kike, halafu katibu. Mwakani watakuwa ni hawa hawa, na chumba ni hiki hiki. Akayasogeza magongo mbele, akatabasamu.

Wifi akageukia ukutani ili asione.

"Samahani," mpiga picha akasema, "Profesa alifumba macho. Tabasamu tena, daktari."

Akatabasamu tena.