Pua ya Fundi

Jina alilopewa na mama yake alilitumia kwenye vitambulisho tu. Kwingine kote aliitwa Pua, na jina lilimstahili. Kwa miaka thelathini, gari likiingia gereji yake hakuanza na boneti. Aliinama nyuma, akavuta moshi kidogo kwenye bomba, akafumba macho, kisha akautaja ugonjwa. Wateja wengine walileta magari mazima ili waone tu.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu mafua makali yaondoke na uwezo wake wote wa kunusa. Sabuni, petroli, kitunguu kikaangoni, vyote kwake vilikuwa hewa tupu. Hakumwambia mtu, hata dada yake mdogo, fundi umeme wa gereji hiyohiyo, ambaye kwa utani hakuwa na breki. Pua asiyenusa ni nani? Swali hilo lilimnyima raha, naye akalikwepa kwa kujitia hamnazo.

Asubuhi hiyo akaja mkunga na gari dogo jeupe. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea kuandika hali za wagonjwa: gari linanuka moshi mpaka ndani, na limeishiwa nguvu. Juzi nusura limzimikie katikati ya mlima wa zahanati, na mama mwenye uchungu amelala kiti cha nyuma. Jioni ya leo alikuwa na mwingine wa kumpandisha, huyo ana mapacha.

Pua akainama nyuma kama ada yake, akafumba macho. Hakuambulia kitu.

"Petroli haiungui vizuri," akasema bila kupepesa macho. "Plagi zimechoka."

Alikuwa anabahatisha. Alipozifungua, plagi zilikuwa zimechoka kweli, akajipongeza kimoyomoyo. Akazibadilisha chapuchapu, dada yake akiwa bado amejilaza chini ya gari la mteja mwingine. Injini ikatulia, ikanguruma vizuri, na Pua akamwambia mkunga waende kulijaribu mlimani.

Mlimani gari likaanza kuhema. Pua alikanyaga mafuta hadi mwisho, lakini mshale wa mwendo ukazidi kushuka. Jambo hilo lilimshangaza kwelikweli, na kwa kuwa alipenda kujua kuliko kula, akaisahau hofu yake. Akaegesha, akapandisha vioo ili asikie vizuri, akawa anakanyaga na kuachia, sikio amelitega. Mkunga akakohoa. Akakohoa tena, akashuka, akazunguka upande wa dereva, akafungua mlango na kuzima gari mwenyewe.

Hakumgombeza. Alitoa kichupa mkobani, akakizibua, akamsogezea puani.

"Hiki nini, fundi?"

Pua akavuta pumzi. Aliona kitu cheupe, basi. "Maji."

"Ni spiriti," mkunga akasema. "Tangu lini hunusi?"

Aibu ilimshika Pua hadi masikio yakamwaka moto, lakini kifua kikawa chepesi, kwani angalau sasa walijua wawili. Akasimulia habari ya mafua. Mkunga hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia wapo wanaorudiwa na harufu baada ya miezi, na wapo wasiorudiwa.

"Basi niazime pua yako," Pua akasema. "Moshi wenyewe unanuka nini?"

Akawasha gari. Mkunga akainama nyuma, akakunja uso. Mayai viza, akasema, wala si petroli, na harufu inazidi gari likikanyagwa.

Pua akamwomba aingie akanyage, milango yote wazi, naye akaweka kiganja nyuma ya bomba. Injini ilinguruma kwa nguvu, lakini pumzi iliyomfikia kiganjani ilikuwa hafifu kama ya mtu anayepuliza chai. Gari lilivuta pumzi, halikuweza kuitoa. Plagi mbovu zilikuwa zimetupa petroli mbichi kwenye masega, kile kichujio cha moshi kilichomo katika bomba, nayo yakaungua na kuyeyuka mpaka yakaziba. Moshi ulipokosa njia ulipenya kwenye kiungo cha bomba, ukapandia sakafuni hadi walipokaa watu. Hapo ndipo Pua alipoona uzito wa kosa lake. Yule mama na mapacha wake wangepandishwa ndani ya moshi ule kwa neno lake yeye.

Wakarudi vioo vyote vikiwa chini. Bomba lilipofunguliwa, masega yalikuwa donge. Dada yake akatafuta mengine, wakayafunga, wakabadilisha na gasketi inayoziba kiungo kisivuje. Saa kumi jioni mkunga alipanda mlima na abiria wake, na kutoka kileleni akapiga honi mara mbili.

Pua akamfuata dada yake aliyekuwa ananawa mikono, akapiga moyo konde.

"Sinusi tena," akasema. "Wiki ya tatu sasa."

Alingoja utani. Dada yake akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Najua. Tangu siku ile maziwa yalipoungua na wewe umekaa kando ya jiko unasoma gazeti."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, kaka. Kila gari ulilonusa, nimelinusa nyuma yako. La leo ndilo lililonipita."